Muuaji Mwenye Patasi: Mwongozo Kamili wa Kuandika Riwaya ya Taharuki Kuhusu Msanii Anayeua

Miswada ya msanii muuaji ninayoletewa nisome huanguka pale pale. Sura ya kwanza, maiti. Sura ya pili, mchoraji mwenye nywele timtim anacheka peke yake gizani. Kufikia sura ya kumi mpelelezi anagonga mlango, muuaji anapiga magoti na kukiri yote, tena kwa hotuba ya kurasa nne. Nikimuuliza mwandishi kwa nini muuaji huyu ni msanii, hujibu: "Inapendeza."

Haitoshi. Nina kipimo ninachokiita kipimo cha fundi bomba. Chukua mswada wako, kila palipo na "mchoraji" au "mchongaji" weka "fundi bomba". Hadithi ikiendelea bila kukwama, basi umeandika riwaya ya muuaji tu, ukamvika kofia ya usanii. Hatua zote za hapa chini zina kazi moja: kuifanya riwaya yako imkatae fundi bomba.

Mfano nitakaoubeba ni wa kubuni: mchongaji wa vinyago vya mpingo wa Mwenge, Dar es Salaam, ambaye wenzake kijiweni humwita Tezo. Wewe tafuta wako.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla hujaandika neno

- Madaftari mawili. La kwanza ni la ukweli: nani aliua, saa ngapi, kwa nini. La pili ni la riwaya: yale msomaji anayoambiwa. Ukiyachanganya, utajikuta unamwambia msomaji siri yako bila kujua.
- Siku tatu kijiweni kwa wasanii. Si saa tatu. Siku ya kwanza watakuuzia, ya pili watakuzoea, ya tatu wataanza kusengenyana mbele yako. Hapo ndipo pana riwaya.
- Kalenda ya mwaka wa hadithi, yenye mwezi mwandamo, na kama uko pwani, yenye maji kujaa na kupwa.
- Sheria ya nchi unayoiandikia. Kwa Tanzania ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kwa Kenya ni Sura ya 63. Soma vifungu vya mauaji tu, havimalizi hata kikombe cha chai.
- Mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi polisi au mahakamani, anayekubali kuulizwa maswali ya kijinga.
- Kalamu nyekundu.

Kompyuta si lazima. Mswada mzuri kuliko yote niliyoletewa ulikuwa umeandikwa kwa mkono.

## Hatua ya 1: Chagua sanaa moja, uiguse kwa mikono

Usiandike "msanii". Andika mtu anayefanya kazi fulani kwa kifaa fulani. Mchoraji wa tingatinga anatumia rangi za mafuta zinazong'aa juu ya hadibodi, na chumba chake kinanuka tina. Mchongaji wa mpingo anaketi chini, analibana gogo kwa nyayo, anaanza na tezo, anafuata patasi na tupa, anamalizia kwa msasa. Harufu, maumivu na majeraha ya watu hawa havifanani, na hata namna yao ya kuua haiwezi kufanana.

Hili nilijifunza kwa aibu. Katika rasimu yangu ya kwanza Tezo anamuua dalali kwa kumpiga na kinyago, halafu saa nne usiku, mwezi mpevu ukiwaka, anakwenda ufukweni kukitupa baharini. Kinyago kinaelea, mawimbi yanakichukua, alfajiri mvuvi anakiokota mbali kabisa. Kipande hicho nilikipenda sana. Nikamsomea mzee mmoja mchongaji, naye hakuacha kupiga tezo.

"Kijana wangu," akasema nilipomaliza, "mpingo umeanza kuelea lini?"

Akaokota kibanzi cheusi cha ukubwa wa kidole gumba, akakidondosha kwenye ndoo ya maji ya kunolea. Kikaenda chini kama msumari. Nikainama kutazama, kama vile kingebadilisha mawazo. Kijana aliyekuwa akipiga msasa pembeni, mzaliwa wa Kunduchi, akaona asiniache hivihivi: "Halafu kaka, mwezi mpevu saa nne usiku maji yamekupwa. Huyo jamaa yako angetembea juu ya mwani mpaka achoke."

Makosa mawili katika aya moja, na yote mawili yaliniokoa. Mpingo ni mzito kuliko maji, kwa hiyo kinyago kinabaki pale kilipoachwa. Wakati wa bamvu, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, upande wa Dar es Salaam na Zanzibar, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne, usiku na asubuhi. Sasa Tezo anatembea mpaka mwambani, anakizamisha kinyago kwenye kidimbwi, anarudi nyumbani akiamini bahari itameza. Bahari inajaa, inafunika, inapwa. Saa nne na nusu asubuhi wanawake waliotoka kuokota chaza wanamkuta mtu mweusi wa mti amelala kidimbwini, mahali palepale. Hata ningekesha mwezi mzima nisingelibuni tukio hilo.

Onyo: usimwage maarifa yote ukurasani. Katika kumi uliyojifunza, msomaji aone mawili.

Utajua umefaulu ukiweza kueleza, bila kusoma daftari, mikono ya mhusika wako ikoje: sugu ziko wapi, kidole kipi kina kovu na kilikatwa na nini.

## Hatua ya 2: Tafuta sababu iliyozaliwa ndani ya kazi yake

"Alikuwa kichaa" si sababu, ni uvivu. Pia ni kuwaonea wagonjwa wa akili, ambao wengi wao hawajamdhuru mtu.

Angalia wasanii halisi waliowahi kuua. Caravaggio, mchoraji wa Italia, alimuua Ranuccio Tomassoni mjini Roma tarehe 28 Mei 1606 katika ugomvi wa mapanga, akaishi miaka yake iliyobaki akikimbia: Napoli, Malta, Sicilia, na kufa mwaka 1610 akiwa na miaka 38. Mwingereza Richard Dadd alimuua baba yake mzazi mwaka 1843 akiamini kwamba aliyesimama mbele yake ni shetani aliyejigeuza. Dadd alikuwa mgonjwa kweli. Akafungiwa hospitalini maisha yake yote yaliyobaki, na humo ndani akachora picha zake bora, mojawapo akiifanyia kazi kwa takriban miaka tisa. Mmoja aliua kwa hasira ya mtaani, mwingine kwa ugonjwa. Hakuna aliyeua "kwa ajili ya sanaa". Kumbe muuaji anayeua ili damu iwe rangi ni mtu wa filamu zaidi kuliko wa duniani, na ukimtaka huyo, itakubidi ufanye kazi mara mbili ili aaminike.

Mimi naona sababu nzuri ziko chini zaidi, kwenye mambo ambayo wasanii hulalamikia kila siku. Dalali anayenunua kwa bei ya kutupa na kuuza kwa jina la mtu mwingine. Mwanafunzi aliyemzidi mwalimu wake, na wateja wameshagundua. Mtu anayeiga mkono wa mwenzake mpaka mwenye mkono mwenyewe hawezi kutofautisha.

Kwa Tezo nilichagua hivi: dalali ameanza kuuza vinyago vya mti mwepesi vilivyopakwa rangi ya viatu, kwa jina la Tezo. Ukivifuta kwa kitambaa chenye maji, kitambaa kinatoka cheusi. Mzungu mmoja amerudisha kinyago mbele ya kijiwe kizima. Tezo hajaibiwa fedha tu. Ameambiwa mbele ya vijana wake kwamba kazi ya mikono yake inachuja.

Andika sababu kwa sentensi moja juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari la ukweli. Kisha weka fundi bomba. Fundi bomba anaweza kuibiwa, lakini kazi yake haiwezi kuchuja. Umevuka.

## Hatua ya 3: Andika mauaji saa kwa saa, kabla ya sura ya kwanza

Hapa ndipo wengi hukataa kunisikiliza. Wanaanza riwaya huku wao wenyewe hawajui kilichotokea, wakitumaini watakigundua njiani. Matokeo yake mpelelezi naye hajui, na mwisho inabidi muuaji akiri ili kitabu kiishe.

Andika kama ratiba ya basi. Saa mbili usiku, karakana, taa moja. Saa mbili na robo, pigo. Saa tatu, Tezo anaosha mikono na kufagia. Vibanzi vinaingia kwenye mfuko wa salfeti. Saa tatu na nusu, bodaboda. (Dereva wa boda ni shahidi. Amebeba mtu aliyekumbatia kitu kizito kilichofungwa kwa kanga, na atakumbuka, kwa sababu alimtoza nauli ya mzigo.) Saa nne, mwambani. Saa sita, kitandani, mkewe yuko macho.

Mwili nao una saa zake. Maiti huanza kukakamaa taya na shingo baada ya saa 2 hadi 4 tangu kufa, hukakamaa mwili mzima kufikia saa 12 hivi, kisha hulegea tena ndani ya siku moja hadi siku moja na nusu. Joto la Dar huharakisha yote hayo. Damu hutuama upande ulio chini, na baada ya saa 8 hadi 12 haihami tena. Kwa hiyo maiti iliyokutwa chali huku alama za damu ziko kifuani iligeuzwa na mtu, na ni nani huyo?

Kuna jambo jingine ambalo waandishi wetu hulisahau ingawa tunaliishi: maziko. Marehemu akiwa Mwislamu, familia itataka azikwe siku hiyohiyo ikiwezekana. Daktari asipomwona kwanza, ushahidi uko kaburini, na kufukua kunahitaji amri ya mahakama. Mpelelezi anayefika msibani wakati jeneza linanyanyuliwa, akalazimika kusema "subirini" mbele ya mama wa marehemu, ana taharuki kuliko bastola kumi.

Utajua umefaulu pale mtu akikuuliza "saa tatu kasorobo dalali alikuwa wapi?" nawe ukajibu bila kufikiri.

## Hatua ya 4: Panda vidokezo vitatu, vyote kutoka mikononi mwake

Vitatu vinatosha. Vya Tezo ni hivi. Patasi yake ina pengo dogo kwenye makali, na kila inapopita juu ya mti inaacha mstari mwembamba ulioinuka. Yeye hapaki rangi ya viatu kamwe. Na vumbi la mpingo, ambalo huwawasha baadhi ya watu ngozi na kuwasumbua kifua, linamletea mwanafunzi wake vipele kila anapofagia karakana. Asubuhi baada ya mauaji kijana huyo ana vipele, na hakuna aliyemtuma kufagia.

Namna ya kuvipanda ni muhimu kuliko vyenyewe. Kidokezo kikikaa mwisho wa sentensi, kinapiga kelele. Kiweke katikati, na baada yake weka kitu cha kumvuta msomaji:

*"Alinionesha patasi yake yenye pengo, ile aliyoachiwa na baba yake, akakunja mkeka, kisha akaniuliza kama ni kweli dalali amenunua gari."*

Msomaji ameondoka na gari. Patasi imebaki kichwani mwake bila yeye kujua, na utakapoirudia sura kumi baadaye atajipiga paji la uso.

Onyo: usilete kidokezo kipya baada ya theluthi mbili za kitabu. Hiyo ni kumchezea msomaji rafu.

## Hatua ya 5: Amua ni nani anayetuonesha

Una milango mitatu. Mpelelezi ni mlango salama, uliokwisha kuchakaa kwa kupitwa. Muuaji mwenyewe ni mlango mtamu ila una mtego: ukiwa ndani ya kichwa chake na bado unanificha alichofanya, unanidanganya. Ukipita hapo, niambie ukurasa wa kwanza kwamba ameua, halafu taharuki iwe kama atakamatwa.

Mlango wa tatu ndio ninaoupenda: mwanafunzi wake. Anakaa karibu kuliko polisi, anajua kazi, anampenda mwalimu, na hataki kujua anachokijua. Sikiliza:

*"Shikamoo, babu."*

*"Marahaba. Umekuja mapema."*

*Hakunitazama. Alikuwa ananoa, na jiwe lilitoa sauti ambayo sikuizoea, ndefu, bila kukwaruza. Patasi ya babu siku zote hukwaruza mahali pamoja. Nikasikiliza tena. Pengo lilikuwa limekwisha.*

*"Unafanya nini hapo mlangoni?" akaniuliza. "Fagia."*

Hakuna damu wala kicheko cha gizani, na bado kijana anajua, nasi tunajua. Hebu mwache fundi bomba ajaribu kuingia hapo.

## Hatua ya 6: Polisi na mahakama wafanane na wa kwetu

Hapa nitakwenda haraka, maana ni mambo ya kukariri.

Tanzania, kesi ya mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu. Mshtakiwa hufikishwa kwanza mahakama ya chini, anasomewa shtaka, na anaambiwa asijibu chochote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka. Hakuna dhamana. Kesi inaahirishwa kwa sababu upelelezi haujakamilika, kisha inaahirishwa tena. Usiandike mtu amekamatwa Jumatatu na kuhukumiwa Ijumaa. Ile miezi ya kwenda na kurudi ni mali yako: mke anapeleka chakula mahabusu, kijiwe kinagawanyika, vinyago vya Tezo vinapanda bei kwa sababu yuko ndani. (Hilo la mwisho ni chafu, na kwa hiyo linafaa.)

Kenya ni tofauti. Tangu Katiba ya 2010 mshtakiwa wa mauaji anaweza kuomba dhamana, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamua kwamba adhabu ya kifo isiwe ya lazima kwa kosa hilo. Na wale mnaopenda muuaji akiri: Kenya, ungamo halipokelewi mpaka litolewe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi mwenye cheo ambaye si mpelelezi wa kesi yenyewe. Tanzania ungamo la polisi linaweza kupokelewa kama lilitolewa kwa hiari, lakini mshtakiwa akilikana, mahakama hutafuta ushahidi wa kuliunga mkono. Hotuba yako ya kurasa nne peke yake haimfungi mtu kirahisi.

Vipimo vya vinasaba Tanzania hufanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali, na majibu hayaji kesho yake asubuhi.

## Hatua ya 7: Punguza damu

Fanya zoezi hili. Andika tukio la kuua kwa kurasa mbili, mwaga damu yote unayotaka. Kisha futa kila sentensi yenye neno "damu". Soma kilichobaki. Mara nyingi kilichobaki ndicho tukio.

Nilipofanya hivyo kwa Tezo, nilibakiwa na taa inayoyumba, dalali anayeendelea kuzungumzia bei, na mkono wa Tezo unaopapasa kinyago kutafuta mahali pa kushika, kama anavyopapasa gogo jipya kutafuta wapi pa kuanzia. Tukio linakatika hapo. Sura inayofuata ni asubuhi, ufagio, vipele.

Onyo: maiti ni mtu. Mpe jambo moja linalomhusu yeye tu. Dalali wa kwangu alikuwa na daftari la madeni ambamo aliandika pia siku za kuzaliwa za watoto wa wachongaji. Baada ya kuliandika hilo nilishindwa kumchukia, na riwaya ikawa nzito zaidi.

## Hatua ya 8: Mwisho uamuliwe na kazi ya sanaa

Mwaka 1608, akiwa Malta, Caravaggio alichora kukatwa kichwa kwa Yohana Mbatizaji. Picha iko Valletta mpaka leo. Ni kazi yake pekee aliyoitia sahihi, na sahihi hiyo ameichora ndani ya damu inayotiririka shingoni mwa mtakatifu. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu amuue Tomassoni. Hakuna anayeweza kuapa alimaanisha nini. Mwisho wa riwaya yako uwe na nguvu ya namna hiyo: kitu kimechongwa, kimechorwa au kimefinyangwa, kinasema kile ambacho mdomo haukusema.

Jiulize muuaji wako atatengeneza nini akijua ni cha mwisho. Kisha jiulize nani ana macho ya kukisoma. Si lazima awe polisi. Kwa Tezo, wakati anasubiri kesi, mwanafunzi anapewa kinyago alichokiacha nusu: mti wa watu, mmoja juu ya bega la mwenzake, kama Wamakonde wanavyochonga ujamaa. Mtu wa chini kabisa, anayewabeba wote, ana sura ya dalali. Juu ya paji lake la uso umepita mstari mwembamba ulioinuka. Kijana anachukua msasa. Anaweza kuufuta kwa dakika moja, au anaweza kuupeleka kituoni.

Nimeandika miisho yote miwili, na bado sijachagua.

## Hatua ya 9: Kalamu nyekundu

Fungia mswada mwezi mzima. Ukirudi, usome kwa sauti, chumba kikiwa kimefungwa. Ulimi ukijikwaa, weka mstari mwekundu. Mhusika akizungumza kama taarifa ya habari, weka mistari miwili.

Halafu fanya kipimo cha fundi bomba ukurasa kwa ukurasa, ukihesabu kurasa anazopita bila kizuizi. Zikizidi nusu ya kitabu, rudi hatua ya kwanza, kwa sababu hukukaa kijiweni siku tatu.

Mwisho, mpelekee mtu wa kazi ile: mchongaji, mchoraji, yeyote uliyemwandika. Usimpe kitabu kizima, hana muda. Mpe sura tatu na soda baridi, kisha nyamaza. Mzee wangu alizisoma zote tatu akiwa amevaa miwani ya mkewe. Alipomaliza alinirudishia karatasi, akachukua patasi yake, akaitazama makali kwenye mwanga, akaigeuza upande wa pili.

"Hili pengo," akaniuliza, "wewe uliliona lini?"